Bosi anasema faili zima ni siri, je ni kweli?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo wakili. Mimi ni msaidizi kwenye ofisi ya mawakili huku Marekani, tunatetea kampuni ya maghala iliyoshtakiwa mahakama ya shirikisho. Rafu za mizigo zilianguka zikamuumiza dereva wa forklifti ambaye ni mwajiriwa wa kampuni nyingine. Sasa wakili wake ameomba tumpe kila kitu: ripoti ya ajali aliyoandika meneja wa ghala, maelezo ya watu watano aliyochukua mpelelezi wetu akiwemo huyo dereva mwenyewe, memo ya bosi, jedwali la matukio nililotengeneza mimi, barua pepe kati yetu na kampuni ya bima, na rasimu za ripoti ya injinia tutakayemleta kutoa ushahidi. Bosi kaniambia nitenganishe, nikamuuliza nitenganisheje akasema zote ni siri. Je kweli? Na kuna memo moja naogopa imeshaenda upande wa pili kimakosa pamoja na mafaili mengine."

Marahaba mdogo wangu. Hiyo memo iliyoponyoka ishughulikie leo leo, ruka mpaka kule chini nilikoielezea alafu urudi hapa, hayo maboksi mengine, yaani hizo hati nyingine ulizozitaja, yanaweza kusubiri ila hiyo haisubiri.

Sasa turudi kwenye swali. Bosi wako simjui ila hapo kakuingiza chaka. Neno "siri" limewaponza mawakili wengi kwasababu linawafanya waone faili kama kitu kimoja, wanapiga mhuri juu ya kava na basi. Mi mwenyewe nilivyokuwa kijana kwenye kazi hii nilipewa mhuri wa "siri ya wakili" nikagonga kila ukurasa wa faili zima, mpaka mwaliko wa sherehe ya kumuaga mhasibu nikaugonga. Jaji alipoomba kuzipitia mwenyewe faragha akakutana na ule mwaliko, kuanzia hapo kila kitu tulichosema ni siri alikiangalia kwa jicho la pembeni, hata vile ambavyo kweli vilikuwa siri. Hati hailindwi kwasababu ya mhuri wala kwasababu imekaa ofisini kwa wakili. Inalindwa kwasababu ya kilichofanya iandikwe. Hilo ndo swali utakalouliza kwenye kila boksi, hii iliandikwa kwanini.

Kwanza kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kuna siri ya wakili na mteja, hii inalinda mazungumzo, yaani alichosema mteja kwa wakili wake kwa faragha akitafuta ushauri wa kisheria na alichojibiwa. Alafu kuna hii unayoiuliza wewe, kinga ya maandalizi ya kesi, hii haijali kama ni mazungumzo na mteja au la, inalinda kazi iliyofanyika kwa ajili ya kesi iliyopo au inayotarajiwa, kama kumhoji mtu baki aliyeona ajali, kuchora eneo la tukio, kupanga nani aulizwe nini. Ya kwanza ikishika imeshika, mpinzani hawezi kusema "lakini naihitaji sana". Ya pili ina mlango, sehemu yake kubwa inaweza kufunguliwa mpinzani akionyesha shida ya kweli. Kwa upande mwingine ya pili ni ngumu zaidi kuipoteza, nitakuja huko.

Hii kinga ina hadithi yake na napenda kuisimulia kwasababu ukiielewa, nusu ya maswali yako yanajijibu yenyewe. Tarehe 7 Februari 1943 boti la kuvuta meli lililoitwa J. M. Taylor lilizama mto Delaware pale Philadelphia likisaidia kuvuta tishari la kubebea mabehewa la reli ya Baltimore na Ohio. Mabaharia walikuwa 9, watano wakafa maji. Siku tatu tu baadae wenye boti na kampuni za bima yao wakawa wameshaajiri mawakili. Mwezi wa tatu kukawa na kikao cha wazi cha wakaguzi wa meli, manusura wanne wakahojiwa na majibu yao yakaandikwa, yeyote aliweza kuyapata. Baada ya hapo wakili wa wenye boti, Fortenbaugh, akakaa na manusura kwa faragha akachukua maelezo yao wakasaini, akaongea na watu wengine pia, mengine akayaandika kwenye memo na mengine yakabaki kichwani. Kesi ya msimamizi wa mirathi ya marehemu mmoja, Hickman, ilipofunguliwa mwezi wa 11, upande wa mdai ukauliza: mlichukua maelezo ya mabaharia? Kama ni ya maandishi leteni nakala, kama ni ya mdomo tuandikieni yote kwa kirefu.

Fortenbaugh na wateja wake wakagoma. Mahakama ya chini ikawaamuru, wakagoma tena, ikawatia hatiani kwa kuidharau mahakama na kuamuru wafungwe mpaka watoe. Yaani mtu aliambiwa utakaa ndani kwa ajili ya notsi zako! Rufaa ikageuza, na Januari 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye Hickman dhidi ya Taylor ikakubaliana na mahakama ya rufaa. Jaji Frank Murphy aliyeandika hukumu alisema, kwa maneno yangu, wakili anatakiwa awe na chumba cha kufikiria, akusanye habari, achambue ipi ina uzito na ipi takataka, apange hoja bila mtu kumchungulia begani. Ikiwa kila anachoandika kitaombwa na mpinzani basi mawakili wataacha kuandika, na anayeumia ni mteja na haki yenyewe.

Angalia walichokataa na wasichokataa. Hawakusema habari za ajali ni siri. Manusura walikuwepo, majina yao yalijulikana, walichosema kwenye kikao cha wazi kilikuwepo, upande wa Hickman ungeweza kwenda kuwauliza wenyewe. Na wakili wa Hickman alikiri kwamba alitaka tu kujiandaa vizuri na kuhakikisha hajaacha kitu. Hapo ndo Jaji Robert Jackson kwenye maoni yake akachomekea kijembe ambacho mawakili wa kule wanakirudia mpaka leo, kwamba utaratibu huu wa kuombana habari na nyaraka kabla kesi haijasikilizwa haukuwekwa ili watu wenye taaluma yao wafanye kazi kwa akili za kuazima kwa mpinzani. Na kuhusu yale ya mdomo mahakama ilikuwa kali zaidi, ukimlazimisha wakili aandike anachokumbuka shahidi alimwambia nini, unamgeuza wakili kuwa shahidi, na kumbukumbu yake haiaminiki kama maneno ya shahidi mwenyewe.

Mwaka 1970 haya yakaingizwa kwenye kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho, kanuni ya 26, na hiyo ndo inayotawala kesi yenu. Kwa kifupi inasema hati na vitu vilivyoandaliwa kwa kutarajia kesi au kwa ajili ya kesi, na upande wenyewe au mwakilishi wake, kwa kawaida haviombwi. Mwakilishi hapo ni wakili, mshauri, kampuni ya bima, wakala na wengine. Kwahiyo usije ukadanganywa kwamba lazima iwe imeandikwa na wakili kwa mkono wake. Mpelelezi wenu yumo. Wewe umo pia.

Mlango nao uko wazi kwa masharti: mpinzani aonyeshe kwamba anaihitaji sana kwa kesi yake na hawezi kupata kitu kinacholingana nacho kwa njia nyingine bila taabu isiyo ya kawaida. Na hata mlango ukifunguliwa jaji anatakiwa alinde mawazo ya wakili, yaani tathmini yake, hitimisho lake, hoja zake za kisheria. Kwahiyo una matabaka mawili, la nje ni la habari, hili linaweza kubanduliwa, na la ndani ni kichwa cha wakili, hili halibanduki kirahisi.

Haya sasa maboksi.

Ripoti ya meneja ndo inayoniumiza kichwa kuliko zote kwahiyo nitakaa hapo. Mawakili wengi wanajidanganya hivi, ajali imetokea, mtu kaumia, lazima kutakuwa na kesi, kwahiyo kila kilichoandikwa baada ya ajali kiliandikwa kwa kutarajia kesi. Hapana. Kampuni zinaandika ripoti za ajali kila siku kwasababu ya usalama, kwasababu sheria za kazi zinataka, kwasababu kuna fomu na utaratibu wa ndani unasema meneja ajaze ndani ya masaa kadhaa. Ripoti ya namna hiyo ingeandikwa hata kama hakuna mtu angefikiria kushtaki, na hiyo ndo kipimo ambacho mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyopo New York ilikiweka kwenye kesi ya Adlman mwaka 1998, hati inalindwa kama iliandikwa kwasababu ya kesi inayotarajiwa, ila kama ingeandikwa kwa sura hiyohiyo hata bila kesi basi haina kinga. Mahakama nyingine za rufaa zinabana zaidi, zinataka kesi iwe ndo msukumo mkuu wa kuiandika, kwahiyo angalia kesi yenu ipo chini ya mahakama ya rufaa ya eneo gani.

Waingereza walipita njia hiyohiyo mapema zaidi, na kesi yao inafanana na ya kwenu mpaka inatisha. Mfanyakazi wa reli alikufa treni zilipogongana, mjane wake akadai fidia, shirika la reli lilikuwa na ripoti ya ndani ya ajali ambayo juu yake imeandikwa kabisa kwamba ni kwa ajili ya wakili wa shirika. Kwenye Waugh dhidi ya British Railways Board, 1979, mahakama yao ya juu ikasema hiyo ripoti ilikuwa na kazi mbili, usalama wa reli na kujiandaa na kesi, na kwa kuwa kesi haikuwa lengo kubwa kuliko lile lingine, mpeni mama ripoti. Maneno ya juu ya karatasi hayakuwasaidia kitu. Kumbuka hilo bosi akikwambia uongeze kichwa cha habari kwenye ripoti ya meneja sasa hivi, miezi kadhaa baada ya kuandikwa. Kwanza haisaidii, pili kubadilisha hati iliyoshaombwa ni balaa lingine kabisa, usiguse.

Kwahiyo muulize meneja: uliandika lini, nani alikwambia uandike, kuna fomu ya kawaida, ajali ndogo ndogo nazo mnaziandikia hivyohivyo? Kama ni fomu ya kawaida, jiandae kuitoa. Ila kama baada ya hiyo fomu bosi wako alimpigia akamwambia "niandikie kwa kirefu nani alifunga zile rafu, naona hawa watashtaki", hiyo ya pili ni mtoto mwingine, hiyo ina kinga nzuri. Mara nyingi utakuta zote mbili zipo na watu wamezibana pamoja na stepla moja. Zitenganishe.

Maelezo ya mashahidi. Mpelelezi aliyatafuta kwa maelekezo ya ofisi yenu kwa ajili ya kesi, kwahiyo kinga ipo, lakini haya ni tabaka la nje, yanaweza kufunguliwa. Jaji atauliza je hao watu wapo, wanapatikana, wanaongea? Kama wapo, basi upande wa pili uwaite uwahoji kwa kiapo. Kama mmoja kafa, kapotea, au anasema hakumbuki tena, hapo maelezo aliyotoa siku mbili baada ya ajali yanakuwa kitu ambacho hakuna mwingine anacho, na jaji anaweza kuyatoa, akifuta sehemu ambazo mpelelezi kaweka maoni yake. Majina ya mashahidi hayafichwi, akiuliza nani aliona mnamwambia.

Alafu kuna mtego ambao umenitajia bila kujua, huyo dereva aliyeumia. Kanuni inasema mtu yeyote, awe mdai au shahidi tu, akiomba maelezo yake mwenyewe anapewa, hahitaji kuonyesha uhitaji wowote. Maelezo maana yake ni aliyoyaandika akasaini au kuyakubali, au rekodi ya sauti yake na nakala yake neno kwa neno. Kwahiyo maelezo ya dereva mpeni, msipoteze pesa kubishana. Ila kama mpelelezi hakurekodi, aliandika tu notsi zake kwa ufupi "dereva anasema hivi, mi naona anadanganya", hizo sio maelezo ya dereva, ni notsi za mpelelezi.

Kuna watu wanauliza sasa si bora tusirekodi? Ni uamuzi wa wakili, una faida na hasara. Notsi zenye mawazo ya wakili zinalindwa vizuri sana lakini shahidi akigeuka mahakamani huna kitu chenye sahihi yake cha kumuonyesha. Mi binafsi shahidi mwenye msaada namchukulia maelezo yenye sahihi, shahidi nisiyemuelewa naongea naye kwanza naandika notsi.

Memo ya bosi nenda haraka, hiyo ndo roho ya kinga yenyewe. Kesi ya Upjohn mwaka 1981 mahakama ya juu ilisema notsi na memo za wakili za mahojiano ya mdomo zinahitaji sababu nzito mno kufunguliwa kuliko ule uhitaji wa kawaida. Lakini kesi hiyohiyo ndo iliyokumbusha jambo la pili ambalo mabosi hawalipendi: siri ya wakili na mteja inafunika mazungumzo, haifuniki ukweli. Mteja akiulizwa kwa kiapo "je mlijua rafu ya tatu ina ufa?" hawezi kusema sijibu kwasababu nilimwambia wakili. Anajibu. Asichojibu ni "ulimwambia nini wakili wako" na "wakili aliandika nini". Mteja anayefikiri kupeleka habari mbaya kwa wakili ni sawa na kuizika atakuja kushangaa kwenye kiti cha kiapo.

Jedwali lako la matukio. Hongera, umetengeneza hati yenye kinga. Umeitengeneza kwa kesi, kwa maelekezo ya wakili, na kuchagua tarehe ipi iingie na ipi iachwe kunaonyesha ofisi inaona nini ni muhimu. Mahakama ya rufaa ya Philadelphia mwaka 1985 kwenye Sporck dhidi ya Peil ilifika mbali ikasema hata ule mkusanyiko wa nyaraka ambazo wakili kazichagua kati ya maelfu kumuandaa shahidi ni mawazo yake, ingawa kila karatasi peke yake ilishatolewa. Mahakama nyingine hazijaipenda sana hiyo kesi zinaibana, kwahiyo usiilalie mlango wazi. Na usisahau zile karatasi ulizotolea tarehe, barua za fundi, risiti, ratiba ya ukaguzi, hizo hazipati kinga kwa kukaa kwenye jedwali lako.

Hatari ya jedwali iko sehemu nyingine. Bosi akimpa meneja alisome usiku kabla ya kuhojiwa ili akumbuke tarehe, upande wa pili unaweza kumuuliza "kuna kitu ulisoma kukumbusha akili?" na jaji ana uwezo wa kuamuru kitolewe akiona haki inataka hivo. Nimeona majedwali mazuri yakiponyoka namna hiyo. Shahidi apewe nyaraka za asili asome, sio kazi zenu.

Barua pepe na bima. Hapa usiweke zote boksi moja. Kazi ya kampuni ya bima ndo hiyo, kuchunguza madai, kwahiyo mwanzoni pale wanapoamua tu kama walipe au wasilipe, mahakama nyingi zinasema hiyo ni shughuli yao ya kila siku na hakuna kinga. Kuna siku mambo yanageuka, dai limekataliwa, au barua ya wakili imeingia, au bima nao wameajiri wakili, kuanzia hapo kinga inakuwa na miguu. Itafute hiyo siku kwenye barua pepe, iandike, alafu panga kabla yake na baada yake. Zilizo baada yake zenye bosi akiwaeleza bima kesi ina nguvu kiasi gani na tukae mezani kwa kiasi gani, hizo zing'ang'anie.

Rasimu za injinia. Umebahatika umezaliwa baada ya mabadiliko. Kabla ya 2010 rasimu na barua kati ya wakili na mtaalamu atakayetoa ushahidi zilikuwa zinaombwa na mara nyingi zinatolewa, watu wakawa wanaishi kwa ajabu, hakuna anayeandika kitu, kila kitu kwa simu, wenye pesa wanaajiri wataalamu wawili, mmoja wa kufikiria naye na mwingine wa kupeleka mahakamani. Desemba 2010 kanuni ikabadilishwa, rasimu zinalindwa, na mawasiliano ya wakili na mtaalamu anayetakiwa kuandika ripoti yanalindwa isipokuwa mambo matatu: malipo yake, data au ukweli ambao wakili alimpa naye akauzingatia, na dhana ambazo wakili alimwambia azichukue naye akazitegemea. Kwahiyo barua pepe ya bosi inayosema "chukulia kwamba uzito ulikuwa ndani ya kiwango", hiyo inatoka kama injinia kaijengea ripoti. Mengine yanabaki. Ila hii ni mahakama ya shirikisho, mahakama za majimbo zina zake, siku mkipata kesi ya jimbo usiende kwa mazoea.

Na kama kuna mtaalamu mwingine mliyemtumia kwa ushauri tu na hatatoa ushahidi, huyo analindwa zaidi, mpinzani anatakiwa aonyeshe mazingira ya kipekee. Mfano wa kawaida ni pale ambapo yeye peke yake ndo aliiona rafu kabla haijatupwa.

Sasa ile memo iliyoponyoka. Hili limekaa kwenye kanuni mbili. Ya kwanza ni hiyohiyo ya 26, mkiwaarifu upande wa pili kwamba kuna hati yenye kinga imetoka na kwanini mnasema ina kinga, wanatakiwa mara moja wairudishe, au waitenge, au waiharibu, na wasiitumie wala kuionyesha mtu mpaka mahakama iamue. Kama walishampa mtu wajitahidi kuirudisha. Wana haki ya kuipeleka kwa jaji ikiwa imefungwa aamue. Ya pili ni kanuni ya ushahidi ya 502 iliyopitishwa Septemba 2008, inasema kutoa kwa bahati mbaya hakuui kinga kama mlichukua tahadhari za maana kuzuia na mkachukua hatua haraka mlipogundua. Neno haraka ndo limebeba kila kitu hapo. Ukigundua Jumanne ukaandika Jumatano uko salama kuliko aliyegundua akakaa wiki tatu akiomba Mungu wasiione. Kwahiyo bosi aandike barua leo, kwa maandishi, itaje hati kwa tarehe na namba ya ukurasa bila kusimulia kilichomo.

Na muulize bosi mapema kama kuna amri chini ya 502 kifungu cha d kwenye kesi yenu. Hiyo jaji anaweza kuitoa hata mwanzoni kabisa mwa kesi, inasema kitakachotoka kwenye kesi hii hakitahesabika kwamba mmeachia kinga, hapa wala kwenye kesi nyingine yoyote ya shirikisho au jimbo, bila hata kubishana mlikuwa waangalifu au la. Haigharimu kitu na bado nakutana na ofisi hazijaiomba. Kama hamna, ombeni sasa, kuna mafaili mengi yanakuja.

Hapo ndo nilipokwambia kinga hii ni ngumu kuipoteza. Siri ya wakili na mteja ukimwonyesha mtu wa nje mara nyingi imekwenda. Kinga ya maandalizi haiondoki kwasababu tu mtu wa tatu kaona, inaondoka ukimpa mpinzani au mtu ambaye kuna uwezekano mkubwa atampelekea mpinzani. Kuwapa bima wenu wenye maslahi sawa na nyie sio tatizo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Washington D.C. ilisema hata kumwonyesha mkaguzi wa hesabu wa nje hakukuondoa kinga, kwasababu mkaguzi sio adui na ana wajibu wa kutunza siri. Ila kuchagua memo moja nzuri ukaitumia mahakamani kama upanga alafu ukaficha nyingine za jambo hilohilo, majaji hawaipendi kabisa, watafungua na zile nyingine. Na kama wakili ametumika kufanikisha uhalifu au utapeli, kinga haipo, sidhani kama ndo kwenu.

Kazi yako kubwa sasa ni ile orodha ya mnavyovizuia. Kanuni inataka mkizuia kitu mkiseme na mkieleze kiasi cha mpinzani kuweza kupima madai yenu: tarehe, nani kaandika, kwenda kwa nani, ni kitu gani, kwa sababu ipi ya kinga. "Barua ya siri" sio maelezo. "Notsi za mpelelezi, tarehe fulani, za mahojiano na fundi aliyofanya kwa maelekezo ya wakili baada ya barua ya madai kupokelewa", hayo ni maelezo. Orodha mbovu imewahi kuwapotezea watu kinga ya hati ambazo hakuna aliyekuwa na shaka nazo.

Mwisho kuna jambo bosi lazima alijue kabla hamjaandika tarehe yoyote kwenye hiyo orodha, upanga huu unakata kuwili. Mkisema notsi za tarehe 5 ziliandikwa kwa kutarajia kesi, mmejifunga kwamba tarehe 5 mlishajua kesi inakuja. Na siku mtu anapotarajia kesi ndo siku wajibu wake wa kutunza ushahidi unapoanza. Sasa zile rafu zilizoanguka ziko wapi? Video za kamera za ghala zilifutwa lini? Kama chuma kiliuzwa kama chakavu tarehe 9, wakili wa dereva atachukua orodha yenu mwenyewe aiweke mbele ya jaji aseme hawa walijua tangu tarehe 5 na bado wakauza. Nimeona watu wakipigania kinga ya hati moja ya kawaida kabisa wakajikuta wanajibu maswali ya kuharibu ushahidi. Kwahiyo kabla hujajaza safu ya tarehe, mpigie meneja umuulize mambo mawili, ile fomu ya ajali ni ya kila siku au iliagizwa, na zile rafu zilitoka ghalani lini. Ukipata majibu yake niandikie, hasa hilo la pili.